Makofi Kutoka Kwenye Michikichi

Mnaniuliza watu wawili wanawezaje kujaza uwanja. Mlikuja Jumapili iliyopita, mmoja na gitaa, mwingine na ngoma zake za dukani zinazong'aa, mkakaa kwenye benchi langu mkalalamika: "Mzee Idi, vijana wa Bujumbura wanatucheka. Wanasema bila besi sisi ni nusu ya orkestra." Nilicheka mpaka nikakohoa. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, hapa hapa Rumonge, kabla baba zenu hawajazaliwa. Nimeona niwajibu kwa maandishi, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo napotea njiani, na katika haya ninayotaka kuwaambia kuna mahali sipendi kupotea.

Kwanza kazi yenyewe. Kundi la watu wawili linakufa kwa kujaza. Mpiga gitaa anaogopa ule uwazi ambao besi ingekaa, basi anapiga nyuzi zote kwa wakati mmoja, na mpiga ngoma naye anaogopa, anapiga kila kilicho mbele yake. Mnakuwa kama watu wawili wanaogombana jikoni. Mimi nilifanya hivyo mwaka mzima. Dawa ni kuulegeza ule uzi mnene kabisa mpaka uanze kunguruma kama nyuki ndani ya kopo, halafu dole gumba lisiuache. Na mpiga ngoma asipige pale mnapoimba. Apige pale mnapovuta pumzi. Hilo la pili sikulivumbua mimi. Alinionyesha Gaspard, na Gaspard nilimpata kwa kosa.

Mwaka wa Uhuru nilikuwa kijana wa ishirini na kitu, mtoto wa fundi cherehani wa mtaa wa Waswahili. Baba alitoka upande wa Kongo na mashine yake ya kushonea kichwani, akaoa hapa, akazikwa hapa. Mimi nilikuwa na gitaa la mbao lililobandikwa maikrofoni ya simu, na ampli niliyotengenezewa na Bwana Nasoro, mzee wa duka, kutokana na redio ya gari iliyokufa. Tulikuwa wanne katika kundi letu. Wiki mbili kabla ya sherehe za Uhuru, watatu walipanda lori kwenda Bujumbura kutafuta jina, wakaniachia ahadi ya kupiga uwanjani mbele ya watu wote wa Rumonge.

Nikasema, potelea mbali, nitapiga peke yangu. Shida ilikuwa umeme. Ampli ile ilikula batri ya gari. Nikamtuma mama mmoja muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, aliyekuwa anapanda kwenda Kizuka, kijiji cha mlimani: mwambie fundi wa magari kwamba Idi anatafuta batri, aje nayo siku ya sherehe asubuhi. Sasa ninyi mnajua, hapa kwetu batri ni ile ya gari, na batri ni ngoma za orkestra pia, Wabelgiji wametuachia neno moja la Kifaransa kwa vitu viwili. Yule mama alifikisha ujumbe wangu kwa mtu anayemjua yeye.

Asubuhi ya sherehe akatokea mtu mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi hadi mikunjo inakata, anasukuma baiskeli. Nyuma ya baiskeli amefunga pipa la mawese lililowambwa ngozi ya mbuzi, ngoma ndogo ya kupigia gwaride, na kifuniko cha gurudumu la lori.

"Amahoro," akasema. "Niko Gaspard, mwalimu wa Kizuka. Naambiwa unatafuta batri."

"Natafuta batri ya gari, bwana."

Akatazama pipa lake, akanitazama mimi. "Hii haina moto," akasema, "lakini iko na nguvu."

Batri ya moto tuliipata kwenye lori moja lililoegeshwa kando ya uwanja. Dereva alikuwa ndani ya umati anashangilia bendera, hatukumsumbua. Tukapiga. Msidhani tulipiga rumba kama watu wengine wote. Mwenye duka mmoja alikuwa amenipa santuri iliyokwaruzwa ya vijana wa Ulaya wanaopiga roki, na mimi katika santuri ile nilichopenda ni kelele yenyewe, ile mikwaruzo, kuliko wimbo. Nikaipiga kelele ile. Gaspard akapiga polepole, nzito, kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Watu walisimama. Hakuna aliyecheza. Baada ya wimbo wa tatu bibi mmoja wa mbele akasema kwa sauti, kwa mshangao wa kweli: "Wako wawili tu?"

Uwanja mzima ukacheka, halafu ukacheza. Jina likatushika tangu siku hiyo: Wawili Tu. Jioni dereva alipojua kwa nini lori lake halikubali kuwaka, alitaka kunivunja gitaa. Watu wa Uhuru wakalisukuma lile lori hadi barabara kuu huku wakiimba nyimbo zetu, na yeye ndani anatukana.

Hapo ndipo mlipopapenda, najua. Sasa nisikilizeni kuhusu waya.

Miaka miwili au mitatu baadaye tulialikwa Nyanza-Lac, ukumbi mzuri wenye bati, saa tisa mchana, watu wamejaa hadi madirishani. Nilitaka kutamba. Nilikuwa nimenunua waya mrefu sana ili niweze kutembea katikati ya watu nikipiga. Baada ya wimbo wa pili nikanyamaza ili Gaspard akaze ngozi yake. Ampli ikasema.

Ilisema kwa sauti ya mwanamume, taratibu, kama mtu anayesoma kwenye kitabu. Ilisoma majina. Jina la mtu, jina la baba yake, mahali alipotoka. Kisha jina jingine. Ukumbi ulikaa kimya hivi kwamba nilisikia bati likijinyoosha kwa jua. Wanaume wakavua kofia. Mimi nilikuwa nimeshika gitaa na vidole vyangu haviko juu ya uzi wowote. Nikafunga sauti ya gitaa. Majina yakaendelea. Ndipo mama mmoja mfanyabiashara wa samaki, katikati ya ukumbi, akainuka taratibu akasema, "Huyo ni kaka yangu."

Akatoka nje. Watu wakamfuata mmoja mmoja, hawakukimbia, hawakutusemesha. Kaka yake alikuwa Kigoma, na habari ilikuja siku ya tatu na wasafiri: amefariki kweli. Mwaka mzima hakuna mtu wa Nyanza-Lac aliyetuita tena. Wengine walisema tulimuua sisi.

Nilirudi kwa Bwana Nasoro na waya wangu. Alikuwa mzee wa duka, babu zake walitoka Omani, na nyuma ya magunia yake ya mchele alikuwa na meza ya kutengenezea redio iliyokuwa safi kuliko meza ya kulia chakula. Hakunicheka. Aliupima ule waya kwa mikono, akahesabu dhiraa.

"Waya huu ni antena, mwanangu. Ng'ambo ya ziwa kuna redio, saa hizo wanasoma matangazo ya vifo. Wewe umeinyoosha antena ukumbini ukawaletea." Akakata waya kwa mkasi, nusu nzima, mbele ya macho yangu. "Kidude hiki kinasikiliza kabla hakijasema. Wewe unasema tu."

Basi waya wenu uwe mfupi, na ule mwingine wa kutuliza ampli mfungeni kwenye msumari, msumari mkaupigilie kwenye udongo uliomwagiwa maji. Hiyo ndiyo elimu yangu ya umeme, na imenitosha maisha yote. Lakini nilipomwelezea Gaspard maneno ya Bwana Nasoro, hakutulia kama nilivyotulia mimi.

"Nilikuwa nayahesabu," aliniambia.

"Unahesabu nini?"

"Majina. Yalifika kumi na manane. Mwalimu akisikia mtu anaita orodha, anahesabu tu. Halafu nikajikuta nangojea la kwangu."

Nilimcheka. Nilikuwa hodari wa kucheka siku hizo.

Tulipiga miaka kumi. Jumamosi na Jumapili mchana, kwa sababu Jumatatu hadi Ijumaa yeye alikuwa darasani. Tulipiga kwenye magodauni ya mawese, ambako sauti inateleza ukutani kama imepakwa mafuta. Tulipiga kwenye arusi za Waislamu na ubatizo wa Wakristo. Ngozi ya mbuzi ikilowa kwa mvua tuliikausha kwa pasi ya mkaa ya baba, na siku moja nikaichoma, tukapiga arusi nzima kwa ngoma yenye alama ya pasi katikati. Gaspard akaoa. Mke wake, Stefania, alikuwa na sauti nene na kicheko kifupi, na alikuwa mtu pekee aliyeweza kumwambia Gaspard kwamba leo umepiga vibaya. Wakapata mtoto wa kike.

Mwaka wa sabini na mbili, mwezi wa nne, bwana mmoja wa Bujumbura mwenye mashine ya kurekodi akatuma neno. Amesikia habari zetu. Atakuja Rumonge Jumapili ya mwisho wa mwezi, atusikie, na akipenda tutatoa santuri. Santuri yetu wenyewe, vijana. Sijui ninyi siku hizi mnatamani nini. Sisi tulitamani ile duara nyeusi yenye karatasi katikati iliyoandikwa jina. Sikulala wiki nzima. Jumamosi iliyotangulia tulikuwa na arusi Kigwena, kwa bwana mmoja mwenye shamba la michikichi, jina lake Bernadi, anaoza binti yake. Nikasema vizuri, itakuwa mazoezi.

Kamyoneti ya mawese ilitushusha Kigwena saa nane mchana. Dereva hakuzima injini. Alitushushia ngoma haraka, akasema ana kazi kwingine, akaondoka bila kuaga.

Uani kwa Bernadi kila kitu kilikuwa tayari. Upinde wa majani ya migomba mlangoni. Mabenchi yamepangwa safu kwa safu. Mtungi wa pombe ya ndizi na mirija yake ndani. Sufuria kubwa ya wali juu ya mafiga, mwiko umesimama ndani, mvuke unatoka. Kiti cha bibi arusi kimetandikwa kitenge kipya.

Hapakuwa na mtu.

"Hodi!" nikaita. "Hodi, wenyewe!"

Tulizunguka nyumba. Milango wazi. Kwenye chumba kimoja taa ya kandili ilikuwa inawaka mchana. Nyuma ya nyumba michikichi inaanza, safu ndefu, giza kati ya vigogo, na nyuma yake msitu. Kama mmefika Kigwena mnajua kelele za nyani wa msitu ule, hazikomi tangu alfajiri. Siku ile hakikulia kitu. Hata kuku hawakuwepo. Nilisikia wali ukichemka.

Tukakaa kwenye benchi la mbele kama wageni waalikwa. Ikapita nusu saa. Gaspard akainuka akaanza kupanga ngoma zake.

"Unafanya nini?"

"Tumeitwa kupiga. Tupige."

"Kwa nani, Gaspard?"

Akakaza ngozi, akaigonga kwa ukucha, akasikiliza. "Watatusikia huko waliko."

Basi nikafunga ampli, nikapigilia msumari wangu, nikamwaga maji kama nilivyofundishwa. Tukapiga kwa mabenchi matupu. Nimepiga mbele ya walevi, mbele ya wafiwa, mbele ya watu waliotaka kunipiga mawe. Hakuna kigumu kama benchi tupu, kwa sababu halikuangalii na bado unaona haya. Wimbo wa kwanza niliharakisha. Wa pili nikatulia. Katikati ya wa tatu niliinua uso kutoka kwenye nyuzi. Nilijua natazamwa, kama unavyojua ndani ya chumba chenye giza kwamba kuna mtu mwingine anayepumua.

Wimbo ukaisha. Kutoka kwenye michikichi tukapigiwa makofi.

Yalikuwa makofi ya chini, laini, kama ya watu waliofunga mikono kwa nguo. Yalitoka mbele yetu, kisha kulia, kisha nyuma yetu. Hakuna aliyepiga vigelegele. Hakuna aliyepiga mluzi. Sikuona mkono hata mmoja. Yalidumu muda kama wa kuhesabu kumi, yakakatika yote kwa pamoja.

Gaspard akaniinamia. "Idi," akanong'ona, "wako wengi sana."

Tukapiga mwingine, kwa sababu hatukujua la kufanya. Makofi yakaja tena, yamesogea. Ndipo mtu akatoka kati ya vigogo, amevaa suti, magoti yamejaa udongo. Alikuwa Bernadi mwenyewe. Alitembea hadi kwenye sufuria ya wali, akautoa moto chini yake, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, halafu akatujia.

"Murakoze, asanteni," akasema. "Sasa munyamaze."

Akatueleza kwa kifupi. Tangu asubuhi wameonekana watu kando ya ziwa, wageni, wenye mapanga, vitambaa vimefungwa kichwani. Wengine wanasema wanatoka kusini, wengine wanasema wamevuka maji. Na nyuma yao, walisema wengine, wanajeshi watakuja, na watakaokuja nyuma hawatauliza nani ni nani. Watu wa arusi wote wameingia shambani, bibi arusi pamoja nao.

"Tulipowasikia tukasema, kama Wawili Tu wanapiga, basi bado haijawa mbaya," akasema Bernadi. "Halafu tukaogopa mutawaleta hapa."

"Kwa nini hamkutunyamazisha?" nikamuuliza.

"Hakuna aliyetaka kutoka mafichoni."

"Na makofi?"

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye sina akili. "Bwana, mtu akipigiwa muziki afanye nini?"

Kisha akasema lile neno lililonifanya niandike haya yote. Mitumbwi yake iko tayari majini. Kabla jua halijazama watakuwa wanakwenda upande wa Tanzania, watu wote wa arusi. Nafasi iko kwa ajili yetu pia.

"Mke wangu iko Kizuka na mtoto," Gaspard akasema.

"Shemeji yangu iko na pikipiki. Anajua njia za ndani. Atawaleta wote wawili kabla ya kuondoka."

Gaspard alikuwa na kitambaa mkononi, anafuta kile kifuniko cha gurudumu. Alinitazama. Hakuniuliza kwa mdomo, lakini miaka kumi nilikuwa najua sura ile: ndiyo sura aliyonipa kila mara kabla hatujaanza wimbo, anangojea mimi nihesabu.

Nikasema, "Kesho yule bwana anakuja."

Akaendelea kufuta.

"Miaka kumi, Gaspard. Kesho. Na haya ni maneno ya watu tu. Tangu Uhuru tumesikia maneno ya watu mara ngapi? Tukivuka leo, kesho kutwa tunarudi watu wanatucheka, na yule bwana amekwisha kwenda kurekodi wengine."

Alikifuta kile kifuniko mpaka nikaona uso wangu ndani yake. Halafu akasema, "Sawa. Turudi."

Bernadi hakubishana. Alitutakia kheri kwa maneno mawili, akaingia kwenye michikichi, na baada ya muda mfupi hatukusikia tena jani likivunjika. Tulibeba vitu vyetu hadi barabara kuu. Jumamosi mchana, barabara ya Nyanza-Lac kwenda Bujumbura, ninyi mnaijua. Siku ile haikuwa na gari, haikuwa na baiskeli. Kando yake palikuwa na mafungu ya ndizi na nyanya yaliyopangwa chini vizuri, tayari kuuzwa, na hakuna aliyekaa nyuma yake. Baadaye lori moja la samaki likatuchukua. Gaspard alikaa juu ya ngoma yake njia nzima bila kusema neno. Vidole vyake tu vilikuwa vinacheza juu ya goti. Niliona amekasirika, na nikamwacha na hasira yake. Tulipofika Rumonge akachukua baiskeli yake kwangu, akafunga ngoma ndogo nyuma, akaenda Kizuka kwa mke wake.

Yalianza usiku huo huo. Sitawasimulia yote, wapo wanaoyajua kuliko mimi, na wapo wanaoishi nayo nyumba ya pili kutoka kwenu. Kwanza walikuja wenye mapanga, wakaua. Halafu walikuja wanajeshi wenye bunduki, wakaua, hasa watu waliosoma, na wao hawakumaliza kwa siku moja wala kwa mwezi mmoja. Jumapili hapakuwa na onyesho. Bwana wa Bujumbura sijawahi kumwona mpaka leo.

Wiki ya pili au ya tatu, asubuhi, nilikuwa nimekaa ndani ya duka la baba, mlango umefunguliwa nusu. Gaspard akasimama mlangoni. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi.

"Wanatuita walimu," akasema. "Imekuja karatasi ya serikali, majina yetu yote. Mambo ya kujiandikisha."

"Usiende."

"Nisipokwenda watakwenda kwa Stefania kuniuliza."

"Basi tuondoke wote. Leo. Baba anamjua mtu mwenye mtumbwi."

"Barabara iko na watu wa bunduki, Idi. Na mtoto iko na homa." Akatabasamu kidogo. "Nitarudi mchana. Nichukulie ngozi nyingine ya mbuzi, ile ya kwetu imelegea."

Nilimtazama akienda katikati ya barabara, si pembeni, kama mtu asiyekuwa na la kuficha. Mbele yake niliona mashati meupe mengine mawili matatu, walimu wenzake, wanaelekea huko huko. Walikwenda wenyewe kwa miguu yao. Hakuna aliyewashika mkono. Hakurudi mchana, na katika wale wote hakurudi hata mmoja.

Jumatatu iliyofuata niliamua kupanda Kizuka, kwa njia za ndani, kumtafuta. Nilipita nyuma ya shule yake. Madirisha yalikuwa wazi. Nilifikiri hakuna mtu, maana palikuwa kimya kabisa. Nikachungulia darasa lake.

Watoto walikuwemo. Darasa zima, wameketi wima, mikono juu ya meza, madaftari mbele yao yamefunguliwa. Ubaoni palikuwa na hesabu aliyoandika yeye, haijafutwa. Hakuna aliyekuwa akicheza wala kunong'ona. Waliponiona dirishani wakasimama wote kwa pamoja.

"Amahoro, mwalimu."

Sijui walikuwa wamekaa hivyo tangu siku gani, kama walikuwa wanarudi nyumbani na kuja tena, au wazazi wao waliona heri wakae pale. Sikuuliza. Nikasema, "Kaeni." Wakakaa. Wakaningojea. Nilisimama pale dirishani, mtu mzima niliyezoea kusimama mbele ya mamia, na sikuwa na kitu cha kuwapa. Nikaondoka. Nyuma yangu sikusikia hata kiti kimoja kikisogea.

Nyumbani kwa Gaspard palikuwa pamefungwa. Majirani walisema Stefania ameondoka na mtoto alfajiri, hawajui upande gani. Wiki hiyo hiyo nami nikavuka ziwa.

Nilikaa Kigoma muda mrefu, nikatengeneza redio za watu, nikapiga arusi na wapiga ngoma wengine. Walikuwa wazuri. Lakini nilikuwa nawanyamazisha mno, mmoja akaniuliza kama nimemwajiri apige au asipige. Nilirudi Rumonge nikiwa na mvi. Siku ya kwanza sokoni nikamwona Stefania, mbali, kwenye upande wa mawese. Nikageuka nikapita njia nyingine. Niliendelea kupita njia nyingine miaka minne. Mji mdogo huu, fikirini, miaka minne nimekwepa upande mmoja wa soko.

Mwishowe nilikwenda kwake. Binti yake amekwisha olewa, anakaa peke yake. Alinifungulia, akanitazama, akasema, "Shemeji, umechelewa." Hakusema nimechelewa nini. Alinipa kiti.

Nikamwambia yote. Kigwena, mitumbwi, pikipiki iliyokuwa tayari kumfuata yeye na mtoto. Kwamba Gaspard alitaka kuvuka. Kwamba ni mimi niliyemrudisha, kwa ajili ya santuri. Kwamba njia nzima hakunisemesha kwa hasira.

Alisikiliza mikono imelala mapajani. Nilipomaliza akatikisa kichwa.

"Hakuwa na hasira," akasema.

"Nilimwona, shemeji. Hakufungua mdomo."

"Alikuwa anatunga. Alifika nyumbani na jasho, hata hakunisalimia, akageuza masufuria yangu yote chini juu, akapiga. Akasema kesho tunaanza na hii, Idi bado hajui, nataka aisikie kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Alipiga mpaka mtoto akacheka. Mimi nilikuwa sijamwona hivyo tangu arusi yetu." Akatazama mlango. "Hiyo mitumbwi hakunitajia."

Nilianza kusema neno la kuomba radhi. Akainua mkono.

"Unataka nikusamehe, au unataka nikulaumu. Sina nguvu ya moja wala ya nyingine. Mimi niko na jioni ile tu. Nimeishi nayo miaka hii yote, na leo umekuja kuniwekea mtumbwi ndani yake." Sauti yake ile nene haikutetemeka. "Utoe. Usiniambie tena kuhusu mtumbwi."

Nikasema nimeelewa. Nje watu walikuwa wanatoka sokoni, wanasalimiana. Tulikaa mpaka chumba kikaanza kuwa na giza, ndipo akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akainuka, akaenda kuwasha moto.